Namna ya kucheza Sueca, karata za Wareno

Kaa karibu na meza ya Wareno wanaocheza Sueca, na hata kama Kireno hukijui, baada ya robo saa utaanza kuokota maneno. Huyu anasema copas, yule ouros, wa tatu analalamikia trunfo yake. Kopa hiyo, uru, turufu. Meza yenyewe wanaiita mesa. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakang'olewa na Waomani katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, na katika miaka hiyo mia mbili walituachia leso, bendera, gereza na karata.

Ndiyo maana nasema kwamba katika michezo yote ya karata ya Ulaya, Sueca ndio mwepesi kuliko yote kumfundisha Mswahili. Nusu ya kanuni zake zimo tayari ndani ya majina tunayoziita karata zetu.

Michezo ya ukoo huu ni mingi: kila mtu anaweka karata moja mezani, aliyeweka kubwa anazizoa zote. Wajerumani wana Skat, uliozaliwa mji wa Altenburg mwanzoni mwa karne ya 19. Waitaliano wana Briscola, Waingereza wana Whist na mtoto wake Bridge. Sueca ni wa Ureno, na unachezwa pia Brazil na Angola. Neno lenyewe maana yake ni "ya Kiswidi", lakini usiende kuutafuta Stockholm. Anayejua wahedi-wasitini atajikuta ukumbini kwake, maana jina la mchezo huo ni sitini na moja kwa Kiarabu, na sitini na moja ndiyo namba inayotafutwa kwenye Sueca pia.

Kwanza, punguza karata

Chukua pakiti ya kawaida ya karata 52. Toa majoka (jokeri) kama yamo, kisha toa nane zote, tisa zote na kumi zote. Zinabaki 40, kumi za kila aina: shupaza, kopa, uru na pau. Hesabu kabla ya kuanza. Nimeona mchezo mzima ukivunjika kwa sababu ya tisa moja ya uru iliyobaki ndani kwa bahati mbaya, na kila mtu akamshuku mwenzake.

Umewahi kujiuliza kwa nini karata yenye picha ya moyo tunaiita kopa? Copas kwa Kireno ni vikombe. Ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni magongo. Karata ziliingia Ulaya karne ya 14 zikitokea Misri ya Wamamluki, na zile za kale za Ureno na Hispania zilichorwa vikombe, sarafu, panga na magongo hasa. Baadaye Wareno walianza kutumia karata za picha za Kifaransa, zenye moyo na almasi, lakini majina ya zamani hawakuyaacha. Sisi tukachukua majina, na mpaka leo Mswahili akiutazama moyo mwekundu anauita kikombe.

Pili, shika ukubwa wa karata na pointi zake

Hapa ndipo mgeni hukwama, na hapa ndipo wewe utapita kama mtu anayerudi nyumbani. Kutoka kubwa hadi ndogo ni hivi:

Ree, yaani karata ya A, pointi 11.
Seti, yaani saba, pointi 10.
Mzungu wa nne, yaani mfalme, pointi 4.
Mzungu wa tatu, yaani kijana au jeki, pointi 3.
Mzungu wa pili, yaani malkia, pointi 2.
Kisha 6, 5, 4, 3 na 2, ambazo hazina pointi. Haya ndiyo magarasa.

Soma tena hayo majina ya wazungu. Mfalme tunamwita wa nne, ana pointi nne. Kijana wa tatu, ana tatu. Malkia wa pili, ana mbili. Wazee wetu walibandika bei ya karata kwenye jina lake, na bei hiyo ndiyo ile ile ya Sueca, tarakimu kwa tarakimu. Seti nayo ni sete, saba ya Kireno, na kukaa kwake juu ya mfalme, jambo linalomshangaza Mwingereza, kwetu si ajabu.

Na malkia kuwa chini ya kijana? Katika karata za kale za Kireno hakukuwa na malkia kabisa. Picha zilikuwa tatu: mfalme, mpanda farasi, na chini yao msichana mtumishi. Zilipokuja picha za Kifaransa, mwanamke alikaa mahali pa mwanamke, chini kabisa, na kijana akachukua nafasi ya mpanda farasi. Malkia wa watu akarithi cheo cha kijakazi.

Jumlisha aina moja: 11, 10, 4, 3 na 2 ni 30. Aina nne ni 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo wa kwanza kuvuka nusu ni mwenye 61. Zingatia pia kwamba ree zote nne ni 44 tu. Mtu anaweza kushika ree zote akashindwa. Ongeza seti zote nne, unafika 84, na wazungu wote kumi na wawili kwa pamoja ni 36 zilizobaki. Namba hizi zishike, utazihitaji mbele.

Tatu, kaeni na mgawe

Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, na mwenza wako anakaa uso kwa uso nawe. Kila kitu kwenye Sueca huenda kuliani, kinyume cha mwendo wa saa: kugawa, kucheza, na zamu ya mgawaji kuhama. Waliozoea kuzungukia kushoto huchanganyikiwa dakika kumi za mwanzo, kisha mkono unazoea.

Mmoja achange karata, mwingine akate, mgawaji agawe. Wareno wengi hugawa kumi kumi kwa mkupuo mmoja badala ya moja moja, na matokeo yake ni mikono ya kishetani: mtu anapata uru sita na pau hakuna. Changeni vizuri basi. Karata ya mwisho kabisa, ambayo ni ya mgawaji mwenyewe, inafunuliwa wote waione. Aina yake ndiyo turufu ya mchezo huo. Ikiwa ni nne ya kopa, kopa zote ni turufu. Mgawaji anaichukua mkononi mchezo unapoanza, lakini wenye akili wameshaiweka kichwani kwamba nne ya kopa iko kwake.

Nne, cheza

Aliye kuliani mwa mgawaji anaanza, anaweka karata yoyote aitakayo. Wengine watatu wanafuata kwa zamu, na kanuni ni moja tu: ukiwa na karata ya aina iliyoanzishwa, lazima uitoe. Ukikosa, uko huru. Unaweza kukata kwa turufu, unaweza kutupa karata ya aina nyingine. Hakuna anayekulazimisha kukata, wala kutoa karata iliyo kubwa kuliko zilizokwisha kuwekwa.

Turufu kubwa kuliko zote zilizowekwa inakula. Kama hakuna turufu, inakula karata kubwa ya aina iliyoanzishwa. Aliyekula anazizoa nne zote, anaziweka kifudifudi mbele ya upande wake, na yeye ndiye anayeanzisha mzunguko unaofuata. Mizunguko ni kumi, karata zimekwisha.

Tuone kwa mfano. Turufu ni kopa. Asha anaanza kwa ree ya uru. Kuliani kwake yuko Bakari, mpinzani, anatoa nne ya uru. Mwenza wa Asha ni Chausiku, ana uru mbili, mzungu wa nne na tano. Anatoa mzungu wa nne, kwa sababu ree ya mwenzake iko juu na haiwezi kushindwa ila na turufu. Wa mwisho ni Daudi, mwenza wa Bakari, anatoa mbili ya uru. Asha amekula 11 na 4, jumla 15.

Mzunguko wa pili Asha anaanzisha tano ya pau, garasa. Bakari anaona nafasi, anapiga ree ya pau. Chausiku hana pau hata moja. Anakata kwa mbili ya kopa, turufu ndogo kuliko zote. Sasa Daudi maskini: pau aliyonayo ni moja tu, nayo ni seti. Kanuni inamlazimisha kufuata, anaiweka mezani. Mbili ya kopa, karata isiyo na pointi hata moja, imezoa 21. Katika mizunguko miwili Asha na Chausiku wana 36, na wamebakiza 25 tu kufika 61.

Tano, hesabu

Mizunguko kumi ikiisha, kila upande unahesabu pointi katika karata ulizokula. Mwenye 61 hadi 90 ameshinda mchezo mmoja. Mwenye 91 au zaidi amepata michezo miwili. Upande uliokula mizunguko yote kumi unapata michezo minne kwa mpigo, na hapa angalieni: si pointi 120, ni mizunguko yote. Wapinzani wakila hata mzunguko mmoja wa magarasa matupu, hakuna minne, mnabaki na miwili. Sitini kwa sitini ni sare, hakuna anayeandikiwa kitu. Wanaotangulia kufikisha michezo minne wameshinda awamu, na karata zinachangwa upya.

Kosa ambalo halisamehewi

Wareno wanaliita renúncia: kuwa na aina iliyoanzishwa ukaificha, ukakata au ukatupa nyingine. Iwe kwa makusudi au kwa kupitiwa, adhabu ni ile ile, upande wako unapoteza michezo minne, yaani awamu nzima. Anayeshuku anasimamisha mchezo, karata zilizokwisha kuliwa zinafunuliwa na kukaguliwa mzunguko kwa mzunguko. Ikionekana amesingizia, adhabu inamrudia mwenyewe. Ndiyo sababu kila upande hupanga mizunguko yake kwa mpangilio, bila kuivurugavuruga. Kwa wanaojifunza, nashauri msamehe mara mbili za kwanza. Baada ya hapo, asamehewe nani?

Ujanja wenyewe

Kanuni zinakwisha kwa dakika tano. Yanayofuata huchukua miaka.

Jambo la kwanza ni kulisha. Mwenza wako akiwa anakula kwa uhakika, mpe pointi: mzungu, au bora zaidi seti ambayo ingekusumbua baadaye. Wapinzani wakiwa wanakula, wape garasa. Linasikika kama jambo la mtoto mdogo, lakini tazama wanaoanza: mwenza ametoa ree, wao wanatupa tatu kwa kuogopa "kupoteza" mfalme. Mfalme aliyeingia kwenye fungu lenu hajapotea. Anayepotea ni yule uliyemtunza mpaka akaliwa.

Seti ni karata ya hofu. Ina pointi kumi, na ree ya aina yake ikiwa bado haijatoka, iko hatarini kila dakika. Usianzishe kwa seti wakati ree haijaonekana, labda ree hiyo iwe mkononi mwako. Mahali pake pazuri ni pawili: juu ya ree ya mwenzako, au ukiwa wa mwisho kucheza katika mzunguko ambao ree haikutokea na hakuna aliyekata. Wa mwisho anaona kila kitu. Kukaa wa mwisho ukiwa na seti ni kama kukaa mlangoni ukiwa na ufunguo.

Ree zisizo za turufu nazo zina wakati wake. Aina moja ina karata kumi. Ukiwa na ree na nyingine mbili, zimebaki saba kwa watu watatu, na inaelekea kila mmoja anayo japo moja. Toa ree mapema, itapita. Lakini ukiwa na uru sita mkononi, zimebaki nne tu nje, na huenda mmoja wa wapinzani hana kabisa. Hapo ree yako ya uru ni chambo cha turufu. Watu wengi hufikiri kinyume, kwamba wingi wa aina ni nguvu. Nguvu hiyo inakuja turufu zikishaisha.

Kwa hiyo hesabu turufu. Ni kumi, si tisa wala kumi na moja. Ukiwa nazo tatu, saba ziko kwa wengine, na moja uliiona ikifunuliwa. Kila inayotoka, punguza kichwani. Ukiwa na turufu tano au zaidi, zenye ree au seti ndani, anzisha kwa turufu mara mbili au tatu uzikaushe mikononi mwa wapinzani, kisha ree zako nyingine zitatembea bila mtu wa kuzigusa. Ukiwa na mbili tu ndogo, usifanye hivyo, utakuwa unamkausha mwenza wako. Zitunze za kukatia, na upate nafasi ya kukata mapema kwa kumaliza aina ambayo unayo moja tu. Garasa moja la pau pekee mkononi? Lianzishe, lifie huko, na pau ikija tena una mkasi.

Seti ya turufu ina tabia yake. Ukiwa nayo bila ree ya turufu, usitulie. Ree ile iko kwa mtu, na anayeanzisha kwa turufu ndogo huenda anakuwinda wewe. Njia nzuri ya kuiokoa ni kuitumia kukata mzunguko wenye pointi ukiwa wa mwisho. Umekula zilizoko mezani, na kumi zako zimelala salama kwenye fungu lenu.

Kisha kuna hesabu ya pointi zenyewe, na hii ndiyo inayotenganisha mchezaji na mtupaji karata. Pointi 120 kwa mizunguko kumi ni 12 kwa kila mzunguko. Mzunguko wa pointi tatu ni hasara ndogo, usiukatie turufu kubwa. Mzunguko wa 21 ni vita. Na mwishoni namba zinakuwa kali: mkiwa na 50, ree moja inawafikisha 61 na kazi imekwisha. Mkiwa na 49, ree hiyo hiyo inawaacha kwenye 60, sare, na mzungu wa pili mliyemdharau mzunguko wa tatu ndiye aliyekuwa akikosekana. Hata ukiwa umeshindwa, endelea kuhesabu, kwa kuwa kati ya 29 na 30 pana tofauti ya kufungwa mchezo mmoja au miwili.

Mdomo

Sueca huchezwa kimya. Huruhusiwi kumwambia mwenzako ulichonacho, wala kumpa ishara kwa jicho, kwa kikohozi au kwa namna ya kuweka karata. Wareno husema kwa utani kwamba mchezo huu ulibuniwa na mabubu. Mwenza wako atasoma mkono wako kutokana na unachocheza tu: ukianzisha aina fulani, ukikataa kukata, ukimlisha mfalme badala ya seti, hayo ndiyo mazungumzo yenu.

Kimya hicho kinadumu mizunguko kumi. Karata ya mwisho ikigusa meza kila mtu anazungumza kwa wakati mmoja, na jiandae, kwa sababu swali la kwanza litatoka kwa mwenza wako mwenyewe: ile seti ulikuwa unamtunzia nani?